Duka Likivunjwa: Sheria Inakuruhusu Nini, na Inakukataza Nini

Tangu maduka ya katikati mwa Nairobi yavunjwe siku ya maandamano ya Juni 25, 2025, dawati letu la msaada wa kisheria limekuwa likipokea swali moja, tena kwa hasira: "Wakili, akiingia dukani mwangu nikamkata, nitafungwa?" Hasira hiyo tunaielewa. Aliyekopa chamani akajaza duka simu, kisha akaona kwenye kamera vijana wakitoka nazo, hana hamu ya kusomewa Katiba. Ila swali lenyewe limeanzia mahali pabaya.

Tuanze na maandamano. Ibara ya 37 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, kifungu cha 5, inamtaka mwandalizi ampelekee mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Taarifa itaje jina lake kamili, mahali anakopatikana, tarehe, saa (kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni) na uwanja au njia itakayofuatwa. Hiyo ni taarifa. Si ombi la kibali. Tumelieleza hili mpaka midomo imekauka, na bado anakuja mtu kujitetea kwamba alimrushia mwandamanaji chupa kwa sababu "hawakuwa na kibali". Hata kama taarifa haikupelekwa, wewe hukuajiriwa kutawanya watu.

Fujo zikianza, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, ndiyo inayoshika usukani. Watu watatu au zaidi wanatosha kuitwa mkusanyiko haramu, na adhabu yake ni hadi mwaka 1 jela. Wakizua ghasia na kubomoa jengo, ni hadi kifungo cha maisha. Wakiliharibu tu, miaka 7. Kuchoma jengo makusudi ni maisha pia. Kuvunja duka na kuiba ndani ni miaka 7. Anayepora kwa nguvu akiwa na silaha hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, huingia kwenye wizi wa mabavu, ambao hukumu yake vitabuni bado ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987.

Wengi hawatarajii linalofuata. Wizi wa kawaida, bila kuvunja wala kutisha, adhabu yake ya jumla ni miaka 3. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kwamba imeibwa ni hadi miaka 14, chini ya kifungu cha 322. Kwa hiyo yule jirani mpole aliyenunua televisheni ya inchi 55 kwa bei ya redio jioni ya maandamano, bila risiti, bila hata katoni, anaweza kujikuta pabaya kuliko kijana aliyeibeba. "Mimi nilinunua tu" si utetezi. Bei yenyewe huwa ushahidi.

Sasa kujilinda. Kifungu cha 17 kinasema nguvu iliyotumika kulinda mwili au mali itapimwa kwa misingi ya sheria ya desturi ya Kiingereza. Kwa lugha ya dukani: je, uliamini kwa dhati kwamba hatari ipo, na nguvu uliyotumia ililingana nayo? Mahakama haimtarajii mtu aliyebanwa mlangoni apime mapigo kwa mizani ya buchari. Ukishajitetea hivyo, ni upande wa mashtaka utakaolazimika kuthibitisha kwamba hukuwa unajilinda. Lakini kijana aliyekwisha kutupa katoni na kukimbia hakutishii tena. Ukimfuata hadi uchochoroni na panga, unalipiza kisasi. Nguvu ikizidi na mtu akafa, huenda shtaka la mauaji likashuka hadi kuua bila kukusudia, ambalo nalo adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Na umati ukimchangia mshukiwa mawe, kifungu cha 21 kuhusu nia ya pamoja hakiulizi jiwe la nani lilimwua.

Kauli za viongozi jukwaani, ikiwemo ile ya Rais William Ruto ya Julai 2025 iliyowataka polisi wawapige wavamizi wa biashara risasi miguuni, hatuna nia ya kuzijadili hapa. Tunasema tu kwamba hazijabadilisha kifungu hata kimoja, na wala hazikumpa mwenye duka ruhusa yoyote.

Unachoruhusiwa ni kukamata. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, kifungu cha 34, inamruhusu mwenye mali na wafanyakazi wake kumshika anayeiharibu mbele ya macho yao. Kifungu cha 35 kinataka akabidhiwe polisi bila kuchelewa. Kumfungia stoo usiku kucha huku mkimhoji ni kuchelewa, na mara nyingi ni kosa jipya, lako.

Baada ya hapo piga picha za kufuli, mlango na rafu kabla ya kufagia (karibu wote hufagia kwanza). Nakili video za kamera siku hiyo hiyo, maana mitambo mingi hujifuta yenyewe. Andika orodha ya mali pamoja na nambari za utambulisho za simu (IMEI) na risiti za ununuzi, kisha nenda kituoni ukachukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila nambari hiyo, sisi hatuna pa kuanzia. Halafu soma mkataba wako wa bima: bima ya kawaida ya moto na wizi kwa kawaida haigusi fujo za kisiasa, ambazo huwa na kinga yake ya kulipiwa pembeni. Ajenti wako anaijua hata kama hakukutajia, na duka likishavunjwa hawezi kukuuzia ya jana.