Andy Razaf: jina dogo kwenye mabano

Sisi tunaofanya kazi na santuri za zamani swali tunaloulizwa kila siku ni moja, huyu anayeimba nani? Sawa, swali zuri, ila ni nadra mtu aulize maneno katunga nani. Wapenzi wa taarab mnalijua hili, wimbo unaitwa wa fulani kwa sababu fulani ndo kauimba, mtunzi kakaa zake nyumbani. Basi leo twende Marekani, miaka ya mwanzo ya jazi, nikuoneshe mtunzi mmoja ambaye maneno yake yameimbwa dunia nzima.

Chukua santuri ya mwaka 1929, zile ngumu za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ukiidondosha tu imekwisha. Kwenye lebo ya katikati jina la wimbo kubwa, jina la bendi kubwa, halafu kwenye mabano, kwa herufi za kutafutia miwani, majina ya ukoo: Razaf, Waller, Brooks. Huyo Razaf ndo mtu wetu. Waller ni Fats Waller mpiga piano, Brooks ni Harry Brooks, hao ni wa muziki, maneno ni ya Razaf.

Jina lake kamili Andreamentania Paul Razafinkeriefo, na ukiona ni la Kimalagasi basi hujakosea. Babu yake mzaa mama, John Waller (hana undugu na Fats), alizaliwa mtumwa huko Missouri akaja kuwa konsuli wa Marekani Madagaska kuanzia 1891. Binti yake Jennie akaolewa na kijana wa ukoo wa malkia Ranavalona wa Tatu, halafu 1895 Wafaransa wakavamia kisiwa, mume akauawa, babu akakamatwa na Wafaransa akahukumiwa miaka 20, na yule binti, wa miaka 15 tu, akakimbilia kwao na mimba. Desemba mwaka huohuo mtoto akazaliwa Washington. Yani angezaliwa miezi michache kabla angekuwa Mmalagasi wa jumba la kifalme, badala yake kakulia New York, shule akaacha akiwa na miaka 16 akawa kijana wa lifti kwenye jengo lenye ofisi za wachapishaji wa nyimbo. Wimbo wake wa kwanza uliingia kwenye onyesho la jukwaani 1913. Mashairi ya siasa alikuwa anatoa kwenye magazeti ya watu weusi, likiwemo lile la Marcus Garvey, Negro World, kwa hiyo alikuwa mshairi kweli, sio mtu wa kubahatisha vina.

Sasa kuhusu santuri zenyewe. Upande mmoja ulikuwa unabeba kama dakika tatu, basi. Lakini nyimbo za kipindi kile zilitungwa na sehemu mbili, kwanza kianzio kinachoeleza habari, nani kafanya nini, ndipo linakuja pindi, ile sehemu kuu ambayo watu wanaishika, mara nyingi mafungu 32 ya mipigo. Dakika tatu hazitoshi, bendi inataka kucheza, mpiga tarumbeta naye anataka zamu yake, kwa hiyo kinachokatwa ni kianzio. Bendi za dansi ndo usiseme, mwimbaji anapewa pindi moja tu katikati halafu anarudi kukaa. Mtu anayempima Razaf kwa kusikiliza santuri peke yake anasikia nusu ya kazi, nusu nyingine iko kwenye karatasi za nota zilizouzwa madukani.

Na kuna mara moja huko kukata kuliubadilisha wimbo kabisa. 1929 Razaf, Waller na Brooks waliandika nyimbo za onyesho la Hot Chocolates, lilianzia klabu ya Connie's Inn kule Harlem, mtaa wa watu weusi New York, Juni likaingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za jiji hilo. Inasimuliwa kwamba jambazi Dutch Schultz, aliyekuwa ametia pesa zake humo, aliagiza wimbo wa kuchekesha kuhusu mwanamke mweusi anayelalamika rangi yake inamkosesha bwana. Ukiagizwa na mtu kama huyo hubishani. Razaf akaandika Black and Blue, na kianzio kikatii agizo, mwanamke analalamika wanaume wanawafuata wenye rangi nyepesi, ila akifika kwenye pindi maneno yanapanuka, analalamika mtu mweusi yeyote anayeteswa kwa kosa la ngozi yake. Jukwaani aliuimba Edith Wilson, kianzio kikiwepo. Mwezi uliofuata Louis Armstrong, mpiga tarumbeta na mwimbaji, akaurekodi na kianzio akakiacha chote. Kilichobaki hakina mwanamke wala bwana, ni lalamiko la ubaguzi, limetoka 1929, kwenye santuri ya biashara! Mimi naona Razaf ndo aliuacha mlango wazi, Armstrong akapita. Mei 1956 Armstrong alikwenda Accra, Ghana bado inaitwa Gold Coast, na wimbo aliochagua kumpigia Kwame Nkrumah ni huohuo.

Pesa sasa. Sheria ya Marekani ya 1909 ilisema kila nakala ya santuri ilipiwe senti 2 kwa wimbo, ila hiyo hela inapita kwa mchapishaji kwanza, ndo mtunzi apate fungu lake. Ukiwa na shida ukauza haki zako moja kwa moja, senti hizo huzioni tena hata santuri iuzwe vipi. Fats Waller alikuwa mtu wa shida za haraka, na inajulikana mwaka huohuo 1929 nyimbo kibao zikiwemo Ain't Misbehavin' ziliuzwa kwa dola 500 tu kwa jumla. Miaka kumi baadaye Razaf akaandika maneno ya In the Mood ya Joe Garland, inasimuliwa kwa malipo ya mara moja, dola 200. Glenn Miller na bendi yake ya dansi wakairekodi Agosti 1939, ikavuma balaa, na ukiisikiliza hiyo santuri mwanzo hadi mwisho hamna hata neno moja linaloimbwa, ni saksofoni na tarumbeta tu! Ni kama umpikie mtu pilau asifie sahani.

Hata Honeysuckle Rose, maneno ya Razaf pia, ambayo Waller mwenyewe aliiimba vizuri sana kwenye santuri ya 1934, wanajazi walikuja kuchukua mpangilio wake wa sauti wakajengea tyuni zao, mfano mpiga saksofoni Charlie Parker 1947, maneno yakaachwa kando kabisa.

Razaf alipata kiharusi 1951, akaishi na ulemavu mpaka alipofariki California, Februari 1973. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamemuingiza kwenye jumba la heshima la watunzi wa nyimbo.

Ukitaka kumsikia vizuri anza hivi: weka Black and Blue ya Armstrong ya Julai 1929, halafu weka ya Ethel Waters ya 1930. Waters anaanza na mistari ambayo kwa Armstrong huisikii popote, na hapo ndo kile kianzio kilipo. Na ukimtafuta kwenye orodha za maktaba usiishie kwenye Razaf, mashairi yake ya mwanzo yako chini ya Andrea Razafkeriefo.