Msichana tunampoteza kati ya darasa la sita na la saba

Kila Septemba redio za Bukavu, mashariki mwa Kongo, huwahimiza wazazi kupeleka watoto shule, wasichana kwa wavulana. Himizo hilo limezaa matunda. Tangu primeri (darasa la kwanza hadi la sita) bila malipo ilipoanza kutekelezwa katika mwaka wa shule 2019-2020, madarasa ya kwanza huko Kabare, Walungu na Kalehe yamefurika, watoto wanabanana kwenye benchi, na wasichana wamo tele. Lakini panda kilima cha pili hadi shule ya sekondari, ingia darasa la saba: wengi wao huwaoni tena. Sisi tunaoshughulikia elimu ya vijijini Kivu Kusini tunaliona jambo hili mwaka hadi mwaka. Nguvu zetu nyingi tunaziweka kwenye mlango wa darasa la kwanza, ilhali msichana anatutoka baada ya la sita.

Nianze na sheria, maana kuna wazazi wanaodaiwa pesa wasizostahili kudaiwa, na kuna wengine wanaodhani kila kitu ni bure. Katiba ya Kongo ya 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema primeri ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Shule za umma ni pamoja na zile zinazosimamiwa na Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu na Waislamu kwa makubaliano na serikali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu inavyotakiwa, mzazi ndiye aliyebeba mshahara wa mwalimu kwa jina la prime. Mzigo huo ndio ulioondolewa mwaka 2019. Sare, madaftari na kalamu vilibaki kwa mzazi, na minervali, yaani karo, ya sekondari ikabaki vilevile. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inaunganisha darasa la saba na la nane na primeri kuwa elimu ya msingi ya miaka minane, lakini kwa vitendo familia inaanza kulipa pale mtoto anapovuka la sita.

Sasa angalia wakati wenyewe. Mtihani wa taifa wa kumaliza primeri unafanyika mwisho wa mwaka wa shule, kisha kiangazi kinaingia. Mama anayeuza mihogo soko la Mugogo ana kijana anayeenda darasa la nane na binti aliyefaulu la sita. Maharage yaliyovunwa Juni yamekwisha kuuzwa au kuliwa. Mbele yake kuna minervali ya sehemu ya kwanza mara mbili, shati jeupe na sketi ya buluu, viatu vya kutembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Na Septemba hiyohiyo ndiyo mwanzo wa msimu wa kupanda: mbegu za maharage zinataka pesa wiki ileile ambayo prefe, mkuu wa sekondari, anataka minervali. Ukimwambia mama huyo kwamba elimu ya msichana ni muhimu, atakuitikia, kwa sababu anaamini hivyo. Pesa ndiyo haipo mkononi mwezi huo. Zamani shamba la migomba lilimsaidia. Ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi, zilitoa pesa mwaka mzima. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ulioingia Kivu mwanzoni mwa miaka ya 2000, umekausha mashamba mengi na kukausha akiba hiyo pia.

Ndipo unakuja ujumbe kutoka mjini: kuna familia ya Kadutu au ya Nguba inatafuta msichana wa kazi za nyumbani. Binti anaenda kwa likizo tu, apate pesa ya madaftari. Oktoba inafika, bado anafua nguo za watu. Au anaenda na dada zake kuuza vyakula kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Kamituga. Au anakuja mchumba.

Kuhusu mchumba, sheria iko wazi. Kanuni ya familia ya 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikapiga marufuku uchumba na ndoa ya mtoto, na marekebisho ya kanuni ya familia ya 15 Julai 2016 yakaweka miaka 18 kwa mwanamke na mwanamume. Kupokelewa kwa ng'ombe wa mahari hakubadilishi hayo. Hata hivyo uchunguzi wa kitaifa wa 2017-2018 ulionyesha kwamba asilimia 29 ya wanawake wa Kongo wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya miaka 18. Benki ya Dunia ilieleza mwaka 2018 kwamba kila mwaka mmoja wa sekondari unaweza kupunguza uwezekano huo kwa pointi 5 za asilimia au zaidi. Kwa hiyo darasa la saba lenyewe ni kinga. Nawaomba pia wazazi waandikishe watoto kwenye ofisi ya hali ya raia ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa, wakati uandikishaji ni bure. Mzee wa kijiji anapotaka kuzuia ndoa ya mtoto, cheti hicho ndicho kinachomaliza ubishi wa umri.

Kuna jambo ambalo wanaume wengi kwenye kamati za wazazi hawapendi kulitaja, nami nalitaja. Binti wa darasa la sita au la saba anapata hedhi. Akifika shuleni anakuta choo ambacho mlango wake ni gunia, hakuna maji, na wavulana wanapita nyuma yake. Anakaa nyumbani siku hizo, mwezi baada ya mwezi, kisha anaanguka mtihani na watu wanasema hana akili. Mlango wa mbao wenye komeo la ndani, ndoo ya maji yenye kifuniko, kipande cha sabuni na vitambaa safi vya pamba: kamati ya wazazi inaweza kuyafanya haya bila kungoja mfadhili.

Pesa nayo ina njia. Vijiji vingi vya Kivu Kusini vina MUSO, vikundi vya kuweka akiba na kusaidiana, na akina mama wanayajua vizuri makasha yake matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la misaada ya shida, na la buluu la pesa zinazotoka nje. Kwa kawaida kasha jekundu hufunguliwa kwa ugonjwa na msiba. Ninashauri wanachama wakubaliane, kwa kura yao wenyewe, kwamba binti anayevuka la sita naye ni sababu ya kulifungua. Mchango huo uanze Novemba, baada ya kupanda, uwe mdogo kila mkutano, usiguswe mpaka Agosti. Jambo hili lina uzito zaidi tangu vita vilipoingia Goma Januari 2025 na Bukavu Februari 2025, benki zikafungwa, na jamaa wa mjini waliokuwa wakisaidia wakabaki mikono mitupu.

Kwa binti aliyekwisha kuacha primeri njiani, kuna vituo vya ratrapaji ambavyo vinafundisha programu ya miaka sita kwa miaka mitatu, na mwisho mtoto anafanya mtihani uleule wa taifa. Hata aliyezaa akiwa mdogo bado ni mtoto mbele ya sheria ya 2009, na haki yake ya kusoma haikufutwa na ujauzito. Anayemcheka langoni anastahili kukemewa na direkta, mkuu wa shule, hadharani.

Kwa madirekta na maprefe nina ombi moja la kazi. Kabla ya kufunga mwaka, direkta wa primeri aandike orodha ya wasichana wote wa darasa la sita, na jina la kijiji na la mzazi, aipeleke kwa prefe wa sekondari iliyo karibu na kwa mama mwenyekiti wa MUSO. Kila jina lipewe mtu wa kulitembelea nyumbani kabla ya katikati ya Agosti, wakati binti bado hajapanda gari la Bukavu. Naye prefe akubali kwa maandishi kwamba mzazi mkulima atalipa sehemu ya kwanza baada ya mavuno ya Januari, na kwamba hadi hapo binti hatafukuzwa darasani kwa ajili ya minervali.