Donepezili haitengenezi asetilikolini

Wiki iliyopita binti mmoja aliniwekea mezani pakiti ya donepezili, dawa ya Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu za wazee, yenye vidonge tisa vilivyobaki. "Daktari, tumeiacha," akasema. "Mama ameitumia miezi mitatu na bado ananiita kwa jina la marehemu shangazi."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno, na chanzo chake ni imani kwamba dawa hujaza asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva na neva, iliyopungua ubongoni, kama mtu ajazavyo mtungi, na kumbukumbu zikarejea. Sivyo. Katika Alzheimer, seli za kiini cha Meynert, sehemu ndogo ndani ya ubongo, ambazo ndizo zinazopeleka asetilikolini kwenye gamba la ubongo, hufa. Mwaka 1976 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kimeng'enya kinachotengeneza asetilikolini hupungua sana katika ubongo wa wagonjwa. Donepezili haifufui seli hata moja. Inachozuia ni asetilikolinesterasi, kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini, ili kiasi kidogo kinachotolewa na seli zilizo hai kidumu zaidi kati ya neva na neva. Mtungi unavuja, dawa huziba ufa kiasi, ilhali kisima kinaendelea kukauka.

Kwa hiyo siulizi kama mgonjwa amepona. Nilimuuliza binti yule kama mama, kabla hawajaiacha dawa, alikuwa akijifunga kanga mwenyewe na kwenda msalani bila kuongozwa. Alikuwa akiyafanya yote mawili, kama alivyoyafanya miezi mitatu kabla yake, na katika ugonjwa unaoporomosha watu, kubaki pale pale ndiyo faida yenyewe. Dawa ikikatishwa, mgonjwa anaweza kushuka ndani ya wiki chache, na kuianza tena si lazima kumrudishe alipokuwa. Mapigo ya moyo yakipungua sana au akizirai, hilo ni jambo jingine, na linaamuliwa na daktari, si na kikao cha familia.

Wapo wanaomlisha mzee mayai na vidonge vya lesithini kwa sababu kolini iliyomo ndiyo malighafi ya asetilikolini. Majaribio ya kolini na lesithini yamefanyika na hayakuleta nafuu: udongo haukosekani, wafinyanzi ndio waliokufa.

Hofu kwamba dawa huharibu ini nayo imetokana na takrini, dawa ya kwanza ya kundi hili, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993 na baadaye ikaachwa. Donepezili ilifuata mwaka 1996 na haina tabia hiyo.

Wengine huamini kuwa dawa za mafua na usingizi hazina neno. Huwa naomba niletewe dawa zote za nyumbani ndani ya mfuko mmoja, na katika mfuko wa binti yule ilikuwamo Piriton, dawa ya mafua na mzio, ambayo, kama amitriptilini, dawa ya sonona inayotumika pia kuleta usingizi, huziba vipokezi vilevile, yaani milango ya seli inayopokea asetilikolini, tunavyohangaika kuvifikia. Mama alikuwa akipewa kila jioni kwa sababu ya ndoto kali, na ndoto hizo zilianza pale alipoanza kumeza donepezili usiku. Tumeiondoa Piriton, na donepezili tumeianza upya kwa miligramu 5, asubuhi.