Kwa nini kura ya 2012 ilistahili kwenda kwa Mike Trout

Tangu mwaka 1931, Chama cha Waandishi wa Besiboli wa Marekani humchagua kila msimu Mchezaji Mwenye Thamani Kubwa Zaidi, yaani MVP, katika kila moja ya ligi mbili kuu, American League na National League. Wapigakura hupewa waraka mfupi unaowataka wazingatie mchango halisi wa mchezaji kwa timu yake katika kushambulia na kulinda, idadi ya michezo aliyocheza, pamoja na tabia, uaminifu na bidii yake. Waraka huo unakiri kwamba thamani haina tafsiri moja iliyo wazi, lakini unasema bayana kwamba mshindi si lazima atoke katika timu iliyofuzu kwa hatua ya mtoano. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mchezo huu, na katika mabishano ya kila mwaka kuhusu tuzo hii, kauli hiyo ya mwisho ndiyo ninayoiona ikipuuzwa zaidi.

Msimu uliozua mabishano makali kuliko yote niliyoyafuatilia ni ule wa 2012 katika American League. Miguel Cabrera wa Detroit Tigers aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga wa 0.330 (sehemu ya majaribio yake ya kupiga yaliyozaa pigo lililofanikiwa), kwa homurani 44, yaani mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio, na kwa mikimbio 139 (pointi zinazopatikana mchezaji anapozunguka vituo vyote vinne vya uwanja) iliyopatikana kutokana na mapigo yake. Kuongoza katika mambo hayo matatu kwa pamoja ni heshima ambayo haikuwa imepatikana na mchezaji yeyote tangu Carl Yastrzemski mwaka 1967. Mshindani wake alikuwa Mike Trout wa Los Angeles Angels, kijana aliyeuanza msimu akiwa na miaka 20, ambaye alipiga kwa wastani wa 0.326, akapata homurani 30, akaiba vituo 49, yaani alikimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri pigo la mwenzake, huku akikamatwa mara 5 tu, na akazunguka vituo vyote na kufunga mara 129. Waandishi 22 kati ya 28 walimweka Cabrera nafasi ya kwanza, na sita waliobaki wakamweka Trout.

Naamini walikosea, na sababu zinaonekana mara tu tunapouliza kila takwimu inapima nini hasa. Ile mikimbio 139 inahitaji wenzake wawe tayari wamesimama vituoni anapoingia kupiga, na Cabrera alikuwa na Austin Jackson aliyefungua safu ya wapigaji kwa ustadi mkubwa mwaka ule. Ni sawa na kumsifu mshambuliaji kwa mabao ya karibu na lango bila kumtaja winga aliyepeleka krosi. Kipimo cha mara ngapi mchezaji anafika kituoni bila kutolewa, ambacho kinaeleza uzalishaji wa mikimbio vizuri zaidi kuliko wastani wa kupiga, kilimpa Trout 0.399 na Cabrera 0.393. Ni kweli kwamba Cabrera alipiga kwa nguvu zaidi na alicheza michezo mingi zaidi, kwa kuwa Angels hawakumpandisha Trout kutoka ligi ya chini hadi tarehe 28 Aprili. Hata hivyo, Cabrera alipiga mipira 28 ya chini iliyowatoa wachezaji wawili kwa pamoja, hasara ambayo haionekani popote katika yale mambo matatu aliyoongoza.

Kisha kuna ulinzi. Cabrera alihamia kituo cha tatu msimu ule ili kumpisha Prince Fielder katika kituo cha kwanza, tendo la kujitolea ambalo waandishi wengi walilisifu kwa haki, lakini nia njema haikumpa wepesi wa miguu. Trout alilinda katikati ya uwanja wa nje, eneo pana kuliko yote, na wengi bado wanakumbuka alivyoruka juu ya ukuta kule Baltimore mwezi Juni na kumnyima J.J. Hardy homurani. Tukijumlisha upigaji, ukimbiaji na ulinzi, tukarekebisha kwa kuzingatia kiwanja na nafasi ya mchezaji, kisha tukalinganisha na mchezaji wa akiba anayepatikana kwa gharama ndogo, tunapata kipimo kinachoitwa WAR, ambacho hugeuza takriban mikimbio kumi kuwa ushindi mmoja. Kwa kipimo hicho Trout alimzidi Cabrera kwa takriban ushindi mitatu, pengo ambalo ni kubwa mno kuelezwa kwa makosa ya ukokotoaji.

Hoja iliyowavuta wapigakura wengi ni kwamba Tigers walifuzu na Angels hawakufuzu. Tigers walishinda michezo 88, Angels 89. Tofauti ni kwamba Angels walikuwa kundi moja na Oakland na Texas, waliokuwa na nguvu kuliko yeyote katika kundi la Tigers, na kabla Trout hajafika walikuwa wameshinda michezo 6 na kupoteza 14. Sioni jinsi mchezaji anavyoweza kubeba lawama ya ratiba.

Dhuluma za namna hii zina historia ndefu. Ted Williams aliongoza katika yale mambo matatu mwaka 1942 na tena 1947, na mara zote mbili tuzo ikaenda kwa mchezaji wa Yankees, mara ya pili kwa tofauti ya pointi moja tu. Mwaka 1999 Pedro Martínez, mrushaji, yaani anayewarushia wapigaji mpira, alipata kura nyingi za nafasi ya kwanza kuliko Iván Rodríguez, lakini akakosa tuzo kwa sababu waandishi wawili hawakumweka hata katika nafasi ya kumi, ingawa waraka unasema wazi kwamba warushaji wanastahili.

Hata hivyo, WAR haipaswi kuamua kila kitu. Sehemu yake ya ulinzi haina uhakika kama ile ya upigaji, na udhaifu huo unaonekana zaidi kwa wadakaji, ambao hupokea mipira ya mrushaji na kuongoza mpango mzima wa mchezo. Wakokotoaji hawakubaliani hata kama ustadi wa kuupokea mpira ili mwamuzi auone kuwa halali uhesabiwe au usihesabiwe. Ndiyo maana mwaka 2025 ulikuwa mgumu kwangu. Cal Raleigh wa Seattle alipiga homurani 60, idadi ambayo hakuna mdakaji aliyewahi kuikaribia, na Aaron Judge wa Yankees alipiga 53 kwa wastani wa 0.331. Judge alishinda kwa kura 17 kati ya 30 za nafasi ya kwanza. Nakubaliana na matokeo hayo kwa sababu alifika kituoni kwa kiwango cha 0.457 dhidi ya 0.359 cha Raleigh, na uzito wa kazi ya udakaji, hata ukikadiriwa kwa ukarimu, hauzibi pengo la namna hiyo kikamilifu. Lakini wale 13 waliomchagua Raleigh walikuwa na hoja ya uwanjani, ambayo waliomchagua Cabrera kwa sababu ya msimamo wa ligi hawakuwa nayo.