Kiti Kinachocheza Kama Pia

Mteja akiingia karakanani kwangu, hata kabla hajauliza bei huzunguka kiti kutafuta mbele yake. Kiti cha Spun hakina mbele. Hakina miguu, mikono wala egemeo. Kikisimama ni pia kubwa iliyobanwa kiuno, unaweza kudhani ni pambo la ukumbini. Ukikilaza ndipo panapopatikana pa kukaa.

Mimi riziki yangu ni kerezo: miguu ya meza, nguzo za vitanda. Ndiyo maana kiti hiki kilinishika. Mbunifu wake, Mwingereza Thomas Heatherwick, alijiuliza kama umbo la duara pande zote linaweza kukalika kwa raha. Hilo ni swali la mkereza mbao kabisa! Vya kwanza vilikuwa vya chuma, bamba likizungushwa na kukandamizwa juu ya kalibu. Kisha kampuni ya Magis ya Italia ikakitoa cha plastiki, mwaka 2010.

Usiidharau hiyo plastiki. Tazama tangi la maji la jirani, lile jeusi. Njia ni ileile. Unga wa polithini hutiwa ndani ya kalibu ya chuma iliyo wazi katikati, kalibu ikaingia kwenye tanuri huku ikigeuzwa polepole, kwa mzunguko wa huku na wa kule. Unga huyeyuka na kuganda kwenye kuta. Inapozwa ikiwa bado inazunguka, na kinachotoka ni kitu kimoja, tupu ndani, bila kiungo.

Sasa mbona hakikumwagi? Laza funeli mezani uisukume. Haikimbii kama chupa, inaizunguka ncha yake. Tako la Spun limechongoka hivyohivyo, nawe unakaa chini, karibu na sakafu, uzito wako ukikivuta kitulie.

Nilijaribu kukereza kidogo cha mninga, ukubwa wa bilauri. Cha kwanza nilikipa mdomo mpana mno: kila kikiinama, mdomo unagusa meza kabla tumbo halijatua, kinabaki kimelala kama mlevi. Nikapunguza mdomo, nikapunguza tena, unene wa ukucha kwa ukucha, mpaka kikazunguka chenyewe. Pale ndipo nilipomheshimu yule Mwingereza.

Kwa chakula hakifai, na mwenye magoti mabovu asijaribu, maana kuinuka kwake ni kazi. Nilipokikuta kwenye ukumbi wa hoteli moja, mama mmoja mtu mzima alikikodolea macho, akaniuliza, "Fundi, hiki si kitanimwaga?" Akafunga kitenge vizuri, akakaa. Alizunguka mara tatu akicheka, kisha akataka nimtengenezee kama hicho, cha mninga. Nikamwambia, "Mama, hicho kukihamisha tu kitataka vijana wanne."