Mwindaji na windo: nani hasa anayehangaika mbugani

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Siku hizi methali hii tunamwambia mtu anayetangaza mipango kabla haijaiva, lakini aliyeitunga lazima alikuwa amemwona simba kwa macho yake. Simba anayenguruma hawindi. Anawajulisha majirani kwamba eneo lina mwenyewe, au anawaita wenzake. Anapowinda hutasikia kitu, na hata ukiwa umekaa garini mita thelathini kutoka alipo, unaweza usione chochote zaidi ya ncha mbili za masikio juu ya majani.

Mwindaji, kwa maana tunayoizungumzia hapa, ni mnyama anayemkamata mnyama mwingine aliye hai, akamuua na kumla. Yule anayeliwa ni windo, na wakiwa wengi ni mawindo. Katika baadhi ya maandishi ya elimu ya viumbe utakutana na maneno mbuai na mbuawa. Usibabaike, ni hao hao. Tumbusi hayumo katika kundi hili kwa sababu yeye hungoja kilichokwisha kufa, na huyo tunamwita mla mizoga. Kupe naye anamnyonya ng'ombe damu akiwa hai, ila hamuui ili amle, kwa hiyo huyo ni kimelea. Na ukubwa hauhusiki. Kinyonga aliyetulia kwenye ua wa nyumba yako akimpima panzi kwa jicho moja ni mwindaji kamili, sawa na chui.

Kuna hadithi inayopendwa sana na wahamasishaji, ya swala na simba wanaoamka alfajiri kila mmoja akijua kwamba leo lazima akimbie. Simba hupumzika karibu saa ishirini kwa siku. Akiamka alfajiri, mara nyingi anatafuta kivuli alale tena. Hadithi hiyo inatufundisha vibaya, kwa sababu inatufanya tudhani uwindaji ni mbio, wakati kwa sehemu kubwa ni hesabu: nitatumia nguvu kiasi gani, nitapata nini, na nikiumia itakuwaje?

Mfuate duma jike mmoja kwenye nyasi fupi za Ndutu, kusini mwa Serengeti. Amesimama juu ya kichuguu, anatazama kundi la swala tomi. Anashuka. Anatembea kichwa kikiwa usawa wa mabega, na swala mmoja akiinua kichwa tu, yeye huganda hapo hapo, hata kama mguu mmoja uko hewani. Swala akirudi kulisha, mguu unashuka. Hivyo hivyo, nusu saa inapita, mpaka umbali umebaki kama mita hamsini. Kisha anafyatuka. Duma anaweza kufika kasi ya kilomita mia moja kwa saa, lakini kwa mita mia chache tu, na swala analijua hilo. Hakimbii moja kwa moja, anakata kona. Kila kona inamlazimisha duma apunguze mwendo, ajiweke sawa kwa mkia kama usukani, aanze upya. Akimfikia humkwaa kwa kucha ya ndani ya mguu wa mbele, swala anabingirika, na duma anamkaba koo. Tangu afyatuke mpaka hapo, dakika moja haijaisha.

Sasa angalia kinachofuata. Duma hali. Amelala kando ya swala, mbavu zinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi, na macho yake yanazunguka huku na huku. Akitokea fisi mmoja, duma anainuka na kuondoka. Watalii hukasirika wakiona hivyo: mbona hapigani, si amehangaika mwenyewe? Hapigani kwa sababu anaishi peke yake, ana mwili mwepesi na taya ndogo, na mguu ukiteguka hakuna wa kumletea chakula, wala yeye wala watoto aliowaficha vichakani. Swala mwingine anaweza kupatikana kesho. Mguu mwingine hakuna.

Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya mwindaji na windo. Swala akishindwa mara moja, amepoteza uhai. Duma akishindwa mara moja, amepoteza mlo. Hata simba wa Serengeti, wanaowinda kwa kundi, hukosa mara nyingi kuliko wanavyopata. Mwindaji anaruhusiwa kukosa, ilimradi asikose siku nyingi mfululizo na asiumie. Ndiyo maana simba mwenye akili timamu humtazama nyati dume mara mbili kabla ya kumsogelea, na nungunungu humwachia njia. Mwindaji aliyeumia hubadilisha mawindo. Mmoja wa wale simba wawili waliowaua wajenzi wa reli kule Tsavo mwaka 1898 alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Fuvu lake lipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Wataalamu wengi wanaona kwamba maumivu ya jino hilo yalichangia kumsukuma kwa binadamu, ambaye hana pembe wala kwato.

Windo nalo lina mahesabu yake. Swala tomi akimwona adui, mara nyingine badala ya kutimka huanza kurukaruka juu, miguu yote minne imenyooka kama vijiti. Ukimtazama utasema amechanganyikiwa, anapoteza muda. Watafiti waliowafuatilia mbwa mwitu wa Serengeti waligundua kwamba mbwa hao huwaandama zaidi swala wanaoruka kidogo na kuwaacha wanaoruka sana. Ni kama swala anamwambia mwindaji: umeniona, nimekuona, nina nguvu, usijichoshe. Na mwindaji, kwa kuwa naye ana hesabu zake, husikia.

Nyumbu wana njia nyingine, na mimi naiona ndiyo ya ajabu kuliko zote. Huzaa kwa pamoja. Ndama wengi wa mwaka mzima huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi, kwa kawaida mwezi Februari, kwenye uwanda mweupe usio na pa kujificha. Ndama husimama baada ya dakika chache na muda si mrefu anakimbia ubavuni mwa mama yake. Fisi na simba wanakula mpaka matumbo yanaburuzika, lakini tumbo lina kikomo, na ndama ni maelfu kwa maelfu. Anayezaliwa katikati ya msimu ana nafasi nzuri kuliko aliyetangulia au aliyechelewa.

Nimemtaja fisi kama mnyang'anyi, na niseme haki yake. Miaka ya 1960 mtafiti Hans Kruuk aliwafuata fisi usiku ndani ya kreta ya Ngorongoro. Wageni waliokuwa wakifika asubuhi walikuta simba anakula na fisi wamezunguka wakisubiri, wakahitimisha kwamba simba ndiye aliyeua. Kruuk alikuta mara nyingi ni kinyume chake: fisi ndio walioua gizani, simba akaja kupora. Sifa ya woga na uvivu tuliyombandika fisi katika hadithi zetu za jioni haimfai hata kidogo.

Basi haya yote ndiyo yanayoitwa mapambano ya kuishi? Ni sehemu yake, tena si kubwa kama tunavyodhani. Mwanasayansi Charles Darwin alipotumia maneno hayo katika kitabu chake cha 1859 alieleza kwamba anayatumia kwa maana pana, na mmoja wa mifano yake ni mmea ulio ukingoni mwa jangwa, unaopambana na ukame. Hakuna meno hapo. Ule msemo wa kuishi kwa anayefaa zaidi ulitoka kwa mwanafalsafa Herbert Spencer, mwaka 1864, nasi tukautafsiri vichwani mwetu kuwa mwenye nguvu mpishe. Kufaa si kuwa na nguvu. Digidigi ana kilo tano hivi na hana ubavu wa kupigana na yeyote, lakini anaijua kila njia ya kichaka chake na anajua kuganda kimya, na bado yupo.

Hata hilo la nani anamuua nani lina jibu lisilotarajiwa. Watafiti Anthony Sinclair, Simon Mduma na Justin Brashares walichapisha mwaka 2003 matokeo ya kumbukumbu za miaka mingi za Serengeti. Wanyama walao majani wenye uzito chini ya kilo 150 hivi, wengi wao huishia mdomoni mwa mwindaji. Wakubwa zaidi ya hapo, kama nyati, vifo vyao vingi hutokana na njaa, na tembo wakubwa karibu hawaguswi kabisa. Sotoka, ugonjwa wa kuambukiza wa ng'ombe, ilipoingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 iliua ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe walipochanjwa na ugonjwa ukatoweka mbugani mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliokuwa takriban 250,000 walizidi milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Simba walikuwepo muda wote huo, fisi pia. Kilichokuja kuwasimamisha nyumbu ni nyasi za kiangazi, kwamba hazitoshi.

Na nyumbu wana faida moja ambayo mwindaji hana: wanaweza kuondoka. Mvua za masika zikikatika wanafuata nyasi kuelekea magharibi na kaskazini, hadi Maasai Mara, Kenya. Simba wa nyanda za kusini hawawafuati. Wana eneo la kulinda, na watoto wasioweza kutembea kilomita nyingi kwa siku. Wanabaki na ngiri na swala waliosalia. Ngiri mmoja akikamatwa, wakubwa wanagombania, na mtoto anayejipenyeza anapigwa kofi la uso. Tumbo lake linabaki limeshikana na mgongo. Katika miezi hiyo watoto wa simba hufa kwa njaa, mmoja mmoja, chini ya vivuli vile vile ambavyo Februari walikuwa wamelala wameshiba, huku uwanda mzima mbele yao ukiwa hauna kwato.