Maandamano Kenya hayahitaji kibali, na kukosa notisi si ruhusa ya risasi

Kuna kitu nimeskia miaka mingi, kwa matatu, kwa kinyozi, hata mezani nyumbani: eti ukiandamana bila kibali umeshavunja sheria, so polisi wakifyatua risasi ni haki yao. Na naelewa imetoka wapi, zamani leseni ilikuwa lazima kweli, wazee wetu hawakuota.

Lakini leseni iliondolewa 1997. Saa hii ni notisi, yaani barua unapeleka kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, siku 3 hadi 14 kabla, unaandika majina yenu, mnakoishi, tarehe, saa (kati ya 12 asubuhi na 12 jioni) na njia mtakayopita, basi. Unajulisha, huombi. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inalinda watu waandamane kwa amani bila silaha.

Na hata kama notisi haikufika, jamani, hilo si kosa la kufa mtu. Sheria ya polisi ya 2011, Jedwali la 6, inataka bunduki itumike pale njia zingine hazitoshi, kama kuokoa maisha, na askari ajitambulishe na atoe onyo kwanza kama kuna nafasi. Kijana amegeuza mgongo anakimbia na chupa ya maji mkononi, hapo ni maisha ya nani yanaokolewa?

Usiniamini mimi tu, hizi sheria ziko bure mtandaoni, fungua kwa simu hiyo Ibara ya 37 halafu kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma, usome mwenyewe.